Amechanjwa Wapi?

Surua ilikuwa imeshafika kijiji cha jirani siku niliyosimama kwenye dirisha la zahanati ya Matsangoni. Daktari mtafiti, mpimaji wa kinga za watoto, alimkunjia uso mama mmoja.

"Mama, damu ya mwanao haina kinga ya surua. Nawe ulisema amechanjwa."

"Amechanjwa. Mimi si mwongo, daktari."

Damu ikaanza kunichemka, maana wasomi wetu hawachelewi kumwita mtu mjinga. Lakini huyu aliuliza taratibu, "Amechanjwa wapi?"

Mama akamfunua mtoto kifua: chale za mganga, zimepona vizuri.

Daktari akacheka. "Kosa ni langu, mama. Mimi nilikusudia sindano." Akamdunga mtoto papo hapo.

Surua ilipoingia Matsangoni, mtoto yule haikumgusa. Juzi nimemkuta akifukuza kuku, na mama yake anatembea kifua mbele.

"Mganga naye asemaje?" nikamuuliza.

"Asema ni chale zake zilizomkinga."

"Wewe wamjibuje?"

"Nimjibu nini, kaka? Nimemwacha zahanati, amepanga foleni na wanawe."