Marufuku Kiswahili Uwanjani

Msellem bin Nassor alikuwa na vitu viwili vya kujivunia hapa duniani, na vyote viwili vilikuwa mdomoni mwake: sauti kubwa, na Kiswahili cha Unguja. Tena si Unguja yote, maana hata watu wa shamba kwake walikuwa si kitu. Kilikuwa Kiswahili cha Mjini. Sauti yake ilivuka uwanja wa Wattaya, huko Muscat, ikaingia kwenye maduka ya magari ng'ambo ya barabara, na Wahindi wauzaji walikuwa wameshazoea kuwatuliza wateja wao kwamba hapana ugomvi, ni mazoezi tu.

Asubuhi alikuwa karani wa mafaili kwenye wizara moja ya Al Khuwair, na huko hakuna aliyemsikia akipandisha sauti. Saa nane u nusu anatoka, anakula, anajinyoosha kidogo, na baada ya Alasiri yuko golini akiwafundisha makipa wake. Hakulipwa, na hakuna aliyelipwa. Oman nzima ilikuwa na wazimu wa mpira, lakini mpira wenyewe ulikuwa wa jioni, wa askari na walimu na makarani waliovua kanzu zao za dishidasha wakavaa bukta. Miaka ya tisini timu ya Wattaya ilikuwa ya vijana ambao wazee wao walirudi kutoka Afrika, na uwanjani walielekezana kwa Kiswahili ili wapinzani wasijue mpira unakwenda wapi. Wapinzani waliwatukana, wakawaambia warudi kwao. Msellem aliwajibu kwa Kiswahili, tena kirefu, na ilikuwa heri yao hawakumfahamu.

Mwaka 2006 ikatangazwa kwamba klabu ya Wattaya inaunganishwa na ya Bawshar, na kwamba hiyo ndiyo itakuwa klabu ya kwanza nchini ya wachezaji wa kulipwa, wasio na kazi nyingine ila mpira. Watu walipiga honi barabarani mpaka Isha. Msellem alifurahi siku tatu. Siku ya nne ukabandikwa ukutani mwa ofisi mpya waraka wa masharti, na sharti la sita lilisema kwamba uwanjani na kwenye benchi ni Kiarabu peke yake. Chini ilikuwa saini ya mkurugenzi, Ghassan.

Msellem akaingia ofisini bila kubisha hodi.

Ghassan, mtu wa miaka thelathini na kidogo, kilemba kimekaa sawasawa, alimweleza kwa Kiarabu, taratibu. Kocha ni Mbrazili na mkalimani wake ni wa Kiarabu. Beki wawili wametoka Morocco. Timu haiwezi kuwa na lugha ya chumbani.

"Na Kiarabu unakijua, yaa Msellem."

"Kiarabu cha kuombea sahani ya harisi nnacho," Msellem akamjibu kwa Kiswahili. "Cha kumrusha golikipa kushoto mpira ushapigwa, sina."

Ghassan akatazama karatasi zake kama kwamba hakuna aliyesema kitu. "Orodha ya benchi inafungwa Alhamisi. Ukitaka kubaki, weka saini."

Msellem aliendesha gari mpaka nyumbani akitukana peke yake. Kilichomchoma hasa ni kwamba yule bwana alikuwa anafahamu kila neno. Wazee wake walitoka Tabora. Muscat nzima inajua. Sasa kavaa kilemba, kakaa kwenye kiti cha ngozi, anajifanya hajapata kukisikia Kiswahili tangu azaliwe. Mtu wa bara tu, Msellem alisema, na maneno hayo aliyasema tena sebuleni mbele ya mkewe Bakhita, na mara ya tatu akiwa anavua viatu.

Bakhita alimwacha amalize. "Baba Fajr, humkumbuki?"

"Nimkumbuke wapi?"

"Alikuwa beki wako. Mwaka tisini na mbili, ulipokuwa unafundisha timu nzima, yule mwembamba. Akifungua mdomo, wewe unasimamisha mazoezi. Unamwambia aseme tena, wenziwe wasikie watu wa Tabora wanavyosema. Kila jioni. Mwisho akawa hasemi kabisa, nawe ukamtoa kwenye timu, ukaja hapa ukanambia beki asosema hana faida."

Msellem alikumbuka uwanja, akamkumbuka beki mwembamba. Uso ndio uliomtoka, maana alikuwa amewacheka wengi. Halafu akamkasirikia Bakhita kwa kuwa na kumbukumbu nzuri namna ile.

"Ilikuwa mzaha," alisema.

"Mwambie yeye basi."

Asingekwenda, wallahi, kama si Taimur. Taimur ndiye golikipa wa kwanza, na tangu aanze kudaka hakupata kudaka bila ya sauti ya Msellem nyuma ya wavu. Jumatano alikuja nyumbani, akakataa kahawa, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Ami, mie bandarini nishaacha kazi. Nishatia saini mkataba wa klabu. Nikianza kufungwa ovyo sina pa kurudi. Saini hiyo karatasi, nakuomba. Au kaongee naye."

Kusaini Msellem hakuweza. Alijijua: dakika ya kwanza ya hatari Kiswahili kingemtoka, na angefukuzwa mbele ya watu. Ikabaki kuongea. Alhamisi baada ya Alasiri Bakhita akampigia pasi dishidasha, akamchagulia kofia nzuri, naye akaenda Bawshar kufanya jambo ambalo katika miaka hamsini na sita hakupata kulifanya, kumwomba mtu radhi.

Na aliiomba vizuri, tusimdhulumu. Alisimama mbele ya meza, akakataa kukaa. "Ghassan mwanangu, nimekukosea. Nilikufanyia stihizai mbele ya wenzio, na ulikuwa mgeni, na ulikuwa mdogo. Nilidhani nnachekesha. Nnakuomba unisamehe kwa ajili ya Mungu. Nikitoka hapa hata benchi usinipe, lakini radhi yako nnaitaka."

Ghassan aliweka kalamu chini. Akageuka akatazama dirishani, kwenye majumba meupe na magari yaliyopanga foleni kuingia barabara kuu. Alipogeuka, macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule akasema Kiswahili mbele ya Msellem. Kilikuwa kilekile cha Tabora, cha polepole, cha kupanda na kushuka.

"Mzee Msellem, mimi nilikuwa nakupenda sana. Nyumbani nilikuwa nawaambia wazee, huyu ndiye ataenda kunifundisha mpira. Nilikuwa ninakuja mapema kuliko wote, ili..."

Msellem alikuwa anatabasamu.

Hakulikusudia. Lilimtoka, kama mtu anavyopiga chafya msikitini. Ile lafudhi ilimgusa palepale ilipomgusa siku zote, mdomo ukapinda wenyewe kabla hajapata kuuzuia, naye akauziba kwa mkono, na mkono ule ndio uliozidi kuharibu.

"Sikukucheka," alisema.

"Umecheka," Ghassan alimjibu, kwa Kiarabu. Akaichukua orodha ya benchi, akaandika jina la mwalimu mmoja wa makipa, Mmorocco, mahali palipokuwa wazi, akamwita mwandishi wake aje aichukue. Msellem alipofika mlangoni, Ghassan alimtakia usalama wa njiani, kwa adabu zote.

Nyumbani Bakhita alikuwa anamngoja. Msellem alipita akavua kofia, akaitupa juu ya kochi, akaanza. Yule mtu ana roho mbaya. Ana kinyongo cha ngamia. Mtu mzima kamwendea na kofia mkononi, naye kwa jambo dogo, kwa tabasamu tu, kamvunjia kila kitu.

"Kwani yeye alikwambia nini?" Bakhita aliuliza.

"Alonambia?" Msellem akasimama katikati ya sebule, akalegeza mabega, akavuta sauti ya Tabora. Kuigiza alikuwa hodari, hilo halina ubishi. "Mzee Msellem," akasema, akipanda na kushuka, "mimi nilikuwa nakupenda sana."

Hapo ndipo aliposikia maneno yenyewe. Alijaribu kuendelea na sentensi ya pili, na hakuweza.