Jina Nililoliita Ndani ya Sinema

Mjukuu wa marehemu kaka yangu alisema ni ujinga kulipa pesa ili ukae gizani na watu usiowajua. "Kogo, sinema iko kwa simu," akaniambia, maana kwetu bibi ni kogo. "Tena kwa simu unasimamisha, unaenda choo, unarudi unaipata hapo hapo." Akapima tiketi zetu tatu kwa kilo za majani mabichi ya chai, akaona ni asubuhi nzima ya kuchuma, yeye na mke wake.

Mke wake ndiye aliyekuwa amesikia kwamba Kericho mjini, kwenye ukumbi mpya wa orofa ya juu, kuna filamu yenye picha za zamani za mashamba ya chai. "Wacha kogo aone watu wa rika lake," akasema. "Wewe kila Jumamosi unabeti mpira. Hiyo si pesa?"

Bwana akaenda kutafuta viatu.

Mimi sikuwa na haja na sinema. Haja yangu ilikuwa mtoto wao. Alikuwa na wiki tano na hakuwa na jina. La kanisa alikuwa nalo. Nasema lile lingine. Kwetu Wakipsigis mtoto akizaliwa, wanawake wazee huketi wakaita wafu wa ukoo wa baba, mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atalipigia chafya ndilo lake. Huyo mfu amekubali kurudi. Kutoka Litein hadi Kiptere huniita mimi kwa kazi hiyo. Shule niliachia darasa la pili, lakini jina nikilisikia mara moja halinitoki. Hapa sitaandika hata moja. Jina la mfu haliachwi ovyo.

Basi huyo mtoto tulimwitia. Tukaita babu wa babu, tukaita shangazi waliokufa bila kuolewa, tukasogeza ugoro puani. Watoto wengine hupiga chafya kwenye jina la tatu. Huyu alitutazama tu, mpaka wazee wenzangu wakashika magoti, wakainuka, wakaenda zao. Tangu siku hiyo alinyonya bila kunenepa, na hakulia. Mama yake alidhani ni upole. Mimi nilijua mtoto asiye na mtu wa kumshika huku hurudi alikotoka.

Na nilikuwa nimebakisha jina moja.

Nilikuwa na dada. Alikuwa mkubwa wangu, mchumaji kwenye shamba la wazungu ambako baba alipewa nyumba kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi. Jioni moja lori la sinema lilikuja, wakatundika shuka jeupe, tukakaa kwenye nyasi. Hakuna aliyelipa. Picha zikiendelea, nikamwona dada akipita kando ya watu kuelekea barabarani. Nikamwita. Alikuwa na sikio moja zima, la kushoto, kwa hivyo ukimwita aligeukia bega la kushoto, polepole, kama anayeitafuta sauti. Akageuka, akanitazama, akatabasamu, akaenda.

Hakurudi. Wengine walisema alipanda gari moshi Kipkelion. Wengine walisema ameolewa Uganda. Mama alikufa akiwa bado anamwekea kibuyu chake cha maziwa. Sasa, kama hujui mtu amekufa, huwezi kumwitia mtoto jina lake. Ukimwita naye yu hai, wewe ndiye umemmaliza. Kwa hivyo miaka hiyo yote niliwaitia watoto wa nyumba yetu, na nikifika kwa dada nalimeza jina.

Tulienda alasiri, jua likiwa kali, mtoto mgongoni mwa mama yake. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine na giza, na watu wengine walikuwa wanafunzi wawili tu, kule nyuma. Viti vya huko hujikunja vyenyewe kama hakuna mtu. Safu yetu yote ilikuwa imejikunja isipokuwa kiti kimoja, cha kulia kwangu. Kilikaa wazi kama kimekaliwa.

"Hii springi imekufa," mjukuu akasema. "Na vile wamelipisha."

Kulia kwangu ndiko dada alikopenda kuketi, ili sikio lake zima liwe upande wangu.

Picha zikaja, rangi ya majivu. Mlima, majani, halafu wanawake na vikapu mgongoni, wamejipanga mistari. Mikono inaenda, sauti hakuna. Wa mwisho kabisa alikuwa ametupa mgongo. Nikakiona kisogo. Wewe, kisogo hicho! Tulilala kitanda kimoja utoto wote, kila asubuhi nikafungua macho nikikitazama. Nikangoja ageuke. Wenzake waligeuka wakacheka na mwenye kamera, yeye aliendelea kuchuma.

Mdomo ukaniponyoka. Nikamwita, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeita ng'ombe aliye karibu.

Akageuka. Bega la kushoto, polepole. Hakutazama mbele kama wale wengine. Alitazama chini kidogo, kwenye safu yetu, akatabasamu.

Mtoto akapiga chafya. Moja, kubwa kuliko mwili wake, halafu akalia kwa mara ya kwanza tangu tumwitie. Na pale kulia kwangu kiti kikajikunja. Pa!

"Woi, ni hii baridi," mama yake akasema, akimfunika shali.

Mjukuu aliniinamia. "Kogo, umeita nani?"

"Dada yangu."

"Ulikuwa na dada?"

"Mpaka sasa hivi," nikamwambia.

Asubuhi yake nilimwomba mke wake aninyoe nywele zote, kama tunavyofanya tukifiwa. Alinyoa bila kuuliza. Maji ya beseni yalikuwa moto lakini kichwa kilisikia baridi siku nzima.

Mtoto sasa amenenepa, mashavu yamejaa. Siku moja mjukuu aliipata ile filamu kwa simu, akaja mbio. "Si nilikuambia, kogo? Bure kabisa!" Tukatazama sote watatu. Mlima ni ule. Wanawake ni wale, kicheko ni kile, na wa mwisho yuko pale na kikapu chake. Anachuma. Anachuma mpaka picha inabadilika, na hageuki. Tukarudisha nyuma mara nne. Hageuki.

"Labda wamekata," mjukuu akasema, lakini akaizima simu, na tangu hapo hajasema tena habari ya tiketi.

Mtoto ukimwita kwa jina la kanisa, anaendelea kuchezea vidole vyake. Ukimwita kwa lile lingine anageuka, polepole, bega la kushoto. Wote wanafurahi na kupiga makofi. Juzi mama yake akiwa shambani nilimsogelea upande wa kulia, nikapiga sufuria na kijiko karibu na sikio lake. Aliendelea kuchezea vidole vyake.

Bado sijamwambia mama yake.