Unawafuta akina nani?

Juzi nilikuwa kwenye studio ya picha karibu na stendi ya Same, nikisubiri picha zangu za pasipoti. Mbele yangu alikuwa mama mmoja aliyeteremka kutoka milimani. Alitaka sura ya marehemu mumewe ikatwe kutoka kwenye picha ya harusi ya binti yao na kuchapwa peke yake, iwekwe juu ya jeneza kesho yake.

Laptopu ikagoma. Kila mara mpiga picha alipogusa ile sura, programu iliganda. Akazima, akawasha, bado.

“Diski imejaa, mama,” akasema. “Ngoja nifute picha za zamani, itakuwa nyepesi.”

Mama akainamia kioo cha laptopu. “Unawafuta akina nani?”

“Wateja ambao hawakurudi kuchukua.”

“Na kama wamefariki, mwanangu?”

Mpiga picha akatoa kidole kwenye kitufe, akanigeukia.

Mwishowe akaazima diski ya nje duka la jirani, akazihamishia zote huko. Laptopu ikachangamka, na mama akaondoka na mzee wake kwenye bahasha.

“Sasa hizi nizitunze mpaka lini?” akaniuliza.

Simu yangu nayo inanilalamikia kwamba imejaa, na sijui nianze na nani.