Ua la Gwasi na jina la mama ambaye hajawahi kufika Gwasi

Wakuu, salamu kutoka Homa Bay. Leo nimeamka na hasira, na haya nasema niliyaona kwa macho yangu. Anayedhani natunga apite tu, sina nguvu ya kubishana na watoto wa juzi.

Jana mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya tangawizi mwitu ya milima ya Gwasi. Chini yake kuna jina la kisayansi, na ndani ya hilo jina yumo mama mmoja wa Ulaya.

Nilimrudishia simu yake. Yawa!

Sikieni basi. Ni miaka ya sitini, Uhuru bado mbichi. Boma letu lilikuwa chini ya msitu wa Gwasi. Mzungu mmoja mtaalamu wa mimea akapiga hema karibu na sisi. Tulimwita Bwana Majani, maana mtu mzima anakausha majani katikati ya magazeti na hapiki hata moja.

Alikuwa anatafuta tangawizi za msituni. Dada yangu mkubwa, Awuor, alikuwa anaenda kuni huko juu. Akamwambia kuna moja ambayo ua lake liko chini kabisa, limefichwa na majani makavu kama mayai ya kuku anayetagia kichakani.

Bwana Majani kuliona, akapiga magoti. Eti ni aina mpya, hakuna mtu duniani anaijua.

Tulicheka sana. Sisi tulikuwa tunawachemshia akina mama waliojifungua hiyo tangawizi tangu zamani. Kumbe tulikuwa si watu?

Shida ya hilo ua, linafunguka asubuhi na jioni limeshalegea. La kwanza likaharibika kabla hajamaliza kulichora. Akataka lingine haraka, na mvua ilikuwa imenyesha. Baba akasema wangoje mawe yakauke. Bwana Majani akasema maua yataisha, hawezi kungoja.

Awuor akashuka korongoni, wenzake wa kuni wakabaki juu ukingoni. Alichuma ua, akalipitisha juu kwa wenzake, halafu akateleza.

Ua lilifika kwenye hema likiwa zima. Dada yangu aliletwa kwa blanketi.

Sasa wale si wa huku waelewe kitu. Kwetu, msichana akifa hajaolewa anazikwa nje ya ua wa boma. Na hakuna mtoto atapewa jina lake. Mzee mwenye wajukuu jina lake linarudi, lakini la Awuor lilikuwa limefika mwisho. Mama alililia hilo jina kuliko hata mwili.

Sisi ni Wasabato, na pasta alikuwepo, lakini hiyo mila haikuguswa.

Hapo kaburini Bwana Majani akasimama, machozi yanamtoka. Akasema na ile Swahili yake: "Hii maua itaitwa Awuor. Mimi nasema mbele ya Mungu."

Baba akamshika mkono. Neno likisemwa kaburini si la mchezo. Jioni hiyo mama akakubali kula.

Akaenda zake. Siku nyingi zikapita, akarudi na Land Rover na sukari. Baba hata hakumkaribisha kiti, akauliza jina.

Ndiyo akaanza kumung'unya maneno. Mmea umepewa jina la mke wa mkubwa wake huko Ulaya, aliyesaidia hiyo safari.

Baba: "Huyo mama alishafika hapa?"

"Hapana. Lakini yeye napenda maua sana."

Wueh! Anapenda maua! Na huyu wetu alikuwa anayachukia?

Akasema jina likishachapishwa halibadilishwi, ndiyo sheria ya sayansi. Baba hakupiga kelele. Alimtoa nje ya boma mpaka kwa kaburi. "Mwambie yeye. Si mimi uliahidi."

Alisimama hapo na kofia mkononi. Mwishowe akaingia gari lake akaenda. Sukari yake mama aliwapa mbuzi, na sijutii hata punje moja.

Baadaye mke wa jirani akajifungua. Mama akatoka mlangoni akaita kwa sauti: "Nendeni mlimani mniletee Awuor!"

Majirani wakaanza kuulizana. Jina la msichana aliyezikwa nje, linaitwa hivyo? Lakini mila inakataza mtoto, haijasema kitu juu ya mmea. Wakaenda, wakaleta.

Nilichojifunza: usingoje mgeni akupe jina la kitu kilichomwagiwa damu yako. Liite mwenyewe, liite kila siku, mpaka likubali.

Semeni hapa chini, huko kwenu ni nini kilibatizwa na watu wa mbali? Wa kumtetea huyo Mzungu pia aje, nimeshavaa miwani.

Na ukipita Gwasi kama nyumbani kuna mama aliyejifungua, usitaje hilo jina la kwa simu, hakuna mtu atakuelewa.

Sema unataka Awuor. Utaletewa.