Kisu Nilichokiunguza Doha

Ipo asubuhi moja ya Doha ambayo sijawahi kuisahau, mwanangu, na jana imenirudia yote, mpaka harufu ya mbao. Imenirudia pale nilipofungua kile kitambaa cha buluu juu ya meza yangu ya kazi, nikakuta kisu nilichokuazima kimerudishwa, kimefungwa vizuri, na ncha yake haipo. Nimeuliza ndani, nikaambiwa ulipita alasiri, ukaweka mzigo wako, ukaondoka bila kunywa hata chai. Wewe, ambaye hujawahi kupita kwangu bila kula. Basi kaa chini uisome barua hii mpaka mwisho. Sijakasirika. Au niseme ukweli: nilikasirika mpaka magharibi, nikasali, kisha nikamaliza.

Kisu chenyewe unakijua kwa mkono tu. Habari zake sikukusimulia, kwa sababu zinanitia aibu, na mimi, kama mama yako alivyozoea kukwambia, sipendi kuonekana mjinga mbele ya watoto.

Nilikwenda Doha miaka ile ya elfu mbili na kidogo, sijafika hata thelathini, fundi wa kuchonga milango kutoka Unguja, kichwa kimejaa sifa. Karakana yetu ilikuwa Sanaiya, huko kwenye magereji na viwanda, na tulichonga milango ya majumba ya wenyeji na mapambo ya mabaraza yao ya wageni. Patasi zangu nilitoka nazo nyumbani, zimefuliwa kwa springi za malori mabovu. Zikiwa butu, nilikwenda kwenye grenda, cheche zikaruka, dakika mbili nimerudi kazini. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na niliamini hakuna fundi duniani anayefanya vingine.

Halafu akaja Babu Hirano. Hoteli moja ya ufukweni ilitaka chumba cha kunywea chai cha mtindo wa Kijapani, wakamleta mzee huyo kutoka kwao achonge ubao wa kukaa juu ya milango ya chumba hicho: misonobari na mawimbi. Mudiri, yaani meneja wetu, akanipa mimi nimsaidie, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mwepesi. Jina la Babu tulimpa sisi Waswahili kwa sababu ya mvi zake, na tulipomweleza maana yake alicheka, akakubali.

Alikuja na visu vyake ndani ya kitambaa. Kimoja alikipenda kuliko vyote, ndicho hiki ninachokusimulia habari zake. Aliyekifua ni kaka yake, mhunzi, aliyekuwa ameshafariki. Alinionesha kwa kidole na kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza: mgongoni ni chuma laini, na upande wa pili ni utando mwembamba wa chuma kigumu, vimepigwa nyundo motoni mpaka vikashikana. Kinanolewa upande mmoja tu. Ugumu wote uko kwenye ule utando, na moto ndio ulioupa huo ugumu, na moto ukija tena bila mpango, unauondoa.

Mwanangu, yule mzee alikuwa ananoa. Kila asubuhi, kabla hajagusa ubao, alikaa kwenye kigoda chake mbele ya ndoo ya maji, jiwe limelowa, akasugua karibu saa nzima. Mudiri alikuwa akipita nyuma yake akimhimiza, yalla, yalla, naye hageuki. Mimi nilimcheka moyoni. Wiki ya pili nikakuta ameweka ndoo mbili. Hakusema kitu, aliisukuma ya pili upande wangu kwa mguu. Nikakaa. Nikajifunza kusikiliza jiwe, maana linabadilisha sauti ukikosea mkono. Zile asubuhi, kabla joto halijapanda, mzee na mimi tunasugua bila kusemezana, nakwambia sijapata tena utulivu ule popote nilipofanya kazi.

Siku hiyo sasa. Alichukuliwa kwenda hotelini kupima, akaniachia kisu cha kaka yake nimalizie mkia wa wimbi. Nikaingia kwenye fundo la mbao, kisu kikagoma. Jiwe lilikuwa palepale, na maji yalikuwepo. Lakini nilitaka mzee akirudi akute wimbi limekwisha, anisifu. Nikakipeleka kwenye grenda.

Sekunde chache tu. Nilipokitoa, makali yalikuwa yamegeuka rangi ya zambarau, kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji. Moto ulikuwa umeuondoa ule ugumu.

Aliyeniona alikuwa mmoja, Otieno, Mkenya wa Kisumu, dereva wa karakana. Alisimama mlangoni na funguo zake.

“Buda, hiyo kitu umechoma,” akasema. “Mzee akirudi mwambie tu. Leo leo.”

“Hatoona,” nikamjibu. “Naisugua rangi inatoka.”

“Rangi itatoka, sawa. Na kisu?”

Nikachukua msasa laini, nikaisugua ile zambarau mpaka kisu kikang’aa, nikakipaka mafuta, nikakifunga kwenye kitambaa chake na kukirudisha mahali pake. Sawasawa na ulivyofanya wewe jana, mwanangu. Hata mkunjo wa kitambaa niliuangalia.

Asubuhi yake ndiyo hiyo ninayokuambia. Babu Hirano akakaa, akakifungua, akakiweka juu ya jiwe, akasugua mara tatu, akaacha. Akakiinua hadi kwenye mwanga. Akakipitisha juu ya kipande cha ubao, na badala ya kukata kikachana. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ndoo yangu. Akaniuliza taratibu, jana kilikata vizuri?

Nikasema, vizuri sana.

Akaitikia kwa kichwa. Akakiweka kisu mezani, katikati yetu, wazi, bila kukifunga. Siku ile akachonga kwa kisu kingine kinene.

Alikuwa amebakiza wiki tatu kabla ya kurejea kwao. Na kila asubuhi, siku zote hizo, aliweka ndoo mbili kama kawaida, akatoa kile kisu, akakiweka katikati yetu. Hakukigusa wala hakukitazama. Ananoa vyake, mimi nanoa vyangu, na kisu kimelala pale. Nami nikawa mtu wa maneno mengi ghafla: joto la leo, foleni ya jana, mpira, habari za nyumbani kwetu. Kila jioni nilikata shauri kwamba kesho nitamwambia. Kesho ikifika, ulimi mzito. Nilijidanganya kwamba hajui, kisha nikajidanganya kwamba anajua na amesamehe, hivyo hakuna haja. Ujanani tuna akili nyingi sana za kukimbia neno moja.

Kulikuwa na kona moja ya ule ubao, upande wa kulia juu, ambako majani ya msonobari yalitakiwa yawe membamba kama unywele. Ni kisu kile tu kilichoweza kufika huko. Alijaribu kwa kile kinene, akajaribu tena, akaacha. Ubao ukaenda hotelini na kona ile nzito.

Siku ya safari yake nilijitafutia kazi nyuma ya ghala. Ndiyo, nilijificha, mtu mzima. Otieno ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Aliporudi alinikuta nafagia mahali palipokwisha fagiliwa, akanipa kitambaa cha buluu na lile jiwe.

“Amekuachia hii,” akasema. “Na amesema nikuambie hiyo kisu bado iko hapo ndani. Penye umechoma ni hapo mbele tu. Ukisugua utaifikia.”

“Alijua?”

“Fundi, alijua siku ya kwanza. Amenishow alikuwa anangoja useme ndio mnoe pamoja. Asubuhi nne, tano hivi, ingekuwa imeisha.” Akanitazama, akaona sura yangu, akaongeza, “Si alikuwa amekasirika. Alikuwa tu anakungoja.”

Nilikaa juu ya gunia la vumbi la mbao nikalia, mwanangu. Sina haja ya kukuficha hilo nalo.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Al Wakrah, na kila Ijumaa asubuhi nilipanda na ndoo juu ya dari ya nyumba yetu, nikasugua. Peke yangu sikujua shinikizo la mkono wala pembe, nikakosea, nikaanza upya. Kazi ya asubuhi tano ilinichukua mwaka na miezi. Kila Ijumaa kisu kilipungua kidogo, ndiyo maana unakiona kifupi hivyo. Halafu Ijumaa moja jiwe likabadilisha sauti. Nikachukua kipande cha ubao, nikapitisha kisu, ukatoka ubale wa mbao mwembamba hata unaona kidole nyuma yake. Nikageuka kumwonesha mtu. Upande wa pili pale palikuwa na tangi la maji tu.

Nilimtafuta. Mudiri mpya hakuwa na anwani yake, Otieno alikuwa amehamia kazi nyingine Al Rayyan na hakuwa na namba. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nafunga milango huko Lusail wakati mji wenyewe bado ni mchanga na winchi, nilipita ile hoteli siku ya mapumziko. Mlinzi alikuwa kijana wa Tanga. Nikamwambia mimi ni fundi, kuna kazi yangu ndani.

“Mzee wangu, dakika tano tu,” akasema, “nisije nikapoteza kazi.”

Nikasimama chini ya ule ubao. Mawimbi yalikuwa mazuri mpaka yanauma. Watu walikunywa chai yao, hakuna aliyetazama juu. Mimi nilitazama kona ya kulia tu. Kisu nilikuwa nacho mfukoni, kimenolewa. Ningeweza kuimaliza kona ile kwa asubuhi moja, na haikuwa tena ya kumalizwa. Hadi leo, nikisikia harufu ya mbao nyeupe kama ya ule ubao, namtamani yule mzee kama ninavyowatamani wazazi wangu. Sijui kama yu hai.

Sasa sikiliza neno langu, maana nimezunguka sana. Kuharibu chombo cha mtu si dhambi kubwa. Kila mwenye mikono huharibu. Lakini ukiharibu, sema siku hiyohiyo, wakati mwenye chombo bado amekaa mbele yako, kwa sababu kosa lililosemwa hutengenezwa na watu wawili, na lililofichwa utalitengeneza peke yako, kwa muda mrefu, na ukimaliza hutakuwa na wa kumwonesha. Usijidanganye kuwa kimya cha mkubwa ni msamaha. Pengine anangoja, naye ana siku zake za kuondoka.

Na mimi nina langu la kujifunza. Babu Hirano alikosea jambo moja, Mungu amrehemu kama ameshatangulia: alinyamaza mno. Aliniheshimu kupita umri wangu. Mimi sitakuwekea kisu mezani kwa wiki tatu nikutazame unavyoteseka. Nakwambia leo: nimeona, ncha imekatika, na chuma kizuri bado kimo ndani.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi, mwanangu, na ulimi mwepesi kuliko mkono. Akupe watu wa kukaa nao asubuhi, usizeeke ukinoa peke yako. Akulinde na aibu inayomfanya mtu apite nyumbani kwao bila kunywa chai.

Kesho baada ya alfajiri nitakuwa uani. Jiwe nimeliloweka, na ndoo nimeweka mbili.