Sauti Niliyoificha Ikajibiwa Silanga

Kliniki yetu ya Kawangware ilinipa kazi ya kuficha utambulisho wa wagonjwa waliorekodiwa sauti kwenye kanzidata. Nilifuta majina, nikazifanya sauti zao ziwe nzito, nikajiona fundi kweli. Kisha nikaenda mkutano wa wakaazi wa mtaa wa Silanga, wanakotoka wagonjwa wetu wengi, kuwaonyesha vile siri zao ziko salama.

“Huyu hata mamake hawezi kumjua,” nikajigamba, nikawasha rekodi moja.

Ile sauti nzito ikaeleza vile alimficha mkewe kwamba ana virusi vya ukimwi, akichekacheka puani katikati ya maneno. Mama mmoja akasimama polepole, akaikazia spika macho.

“Wambua,” akaijibu kwa upole, “mbona hukuniambia?”

Mzee aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, “Bwanake tulimzika juzi.”

Watu wote wakageuka, wakaniangalia mimi.