Ubao wa Benchi la Nyuma

Kwa miaka kumi na minane nimekana, na leo naungama: ubao uliopotea kwenye benchi la nyuma la kanisa letu, kule milimani Ileje, niliuchukua mimi. Nilikuwa likizo, nasomea shahada ya pili, na Atupele, binti wa kaka yangu, alikuwa na miaka minane. Tuliupaka ubao sabuni ya mche kwa chini, tukapanda kilima kilicholowa mvua, tukateleza. Mimi nilianguka mara moja nikaacha. Yeye hajaacha mpaka leo.

Siku hizi Atupele yuko nchi za baridi, na kazi yake ni mashindano ya kimataifa ya ubao wa theluji. Husimama kiubavu juu ya ubao, miguu imefungwa, akashuka mlima akishindana na wenzake. Baba yake, mzee wa kanisa, alimwombea kwa simu kabla ya kila mtihani na kila shindano, mpaka mwaka jana binti alipovunjika bega. Tangu hapo kaka amekataa kuuombea mchezo anaouita upuuzi wa Wazungu.

Wiki ya mashindano makubwa kuliko yote Atupele alinipigia. “Shangazi, bila maombi ya baba siteremki vizuri. Nenda ukamwambie ulikoanzia huu upuuzi.”

Jumamosi asubuhi niliondoka Tunduma ninakoishi, nikipita kando ya foleni ya malori huku nikitunga hotuba. Kwenye njiapanda ya Mpemba nikapata gari la Itumba, kule Ileje. Jirani yangu wa kiti, mkulima wa makamo, aliposikia safari yangu inamhusu mtoto wetu aliyeko nchi za baridi, aliuliza anafanya kazi gani huko. Nikamweleza kwa kirefu.

“Kwa hiyo analipwa kwa kuteremka,” alisema. “Na kupanda?”

Nikamwambia kupanda kuna viti vinavyoning’inia kwenye waya. Akasogea dirishani taratibu, kama mtu aliyegundua amekaa na muongo.

Saa nane mchana bodaboda ilishindwa na tope juu ya kilima kilekile. Nikashuka kwa miguu, shahada mbili kichwani na kilo mbili za sukari mkononi. Shahada hazikusaidia kitu. Niliteleza kwa mgongo mpaka uani kwa kaka, aliyekuwa anachambua kahawa kwenye kichanja.

Aliniangalia nilivyolala. “Karibu, dada. Na wewe umeanza?”

Baada ya chai nikaleta ombi la Atupele. Kaka akasema hawezi kumwomba Mungu amsaidie mtoto kuanguka mlimani. Hotuba yangu ilikuwa imebaki kwenye tope, ikabidi niseme ukweli mtupu: mchezo ule haukutoka kwa Wazungu, ulitoka kanisani kwake, kwenye benchi la nyuma, na mwizi ni mimi.

Aliacha kuchambua kahawa. “Na Fundi Kibona?”

Fundi Kibona ndiye aliyelitengeneza benchi lile, na miaka yote hiyo watu walisema alibana mbao, akaliacha na pengo.

“Kesho utasema mbele yake,” kaka alisema. Akarudi kuchambua kahawa.

Jumapili ibadani niliungama mbele ya kanisa zima. Fundi Kibona, mvi tupu sasa, alisimama polepole.

“Mlipaka nini kwa chini?”

“Sabuni ya mche.”

“Ubao ulikimbia?”

“Sana, fundi.”

Akawageukia waumini. “Mbao zangu hizo,” akasema, akaketi.

Kwa utaratibu wetu, anayeungama hukaa benchi la nyuma mpaka wazee wamrudishe kundini. Nikakaa pale, nusu yangu kwenye benchi na nusu kwenye pengo nililolifanya mwenyewe. Kama kuna nilichojifunza safarini, nilijifunzia hapo: uongo wa zamani hauozi, unakusubiri uukalie.

Saa kumi na moja jioni, nikiwa Mpemba nasubiri gari la Tunduma, simu iliita. Alikuwa kaka, na sauti ilikuwa imemkauka.

“Nilimpigia kabla hajashuka. Nimeomba mpaka nikamaliza muda wa maongezi.”

“Uliomba ashinde?”

“Niliomba afike chini amesimama.”

“Ikawaje?”

“Kaingia fainali. Kawa wa nne.”

“Kati ya wangapi?”

“Wanne,” kaka akasema. “Lakini kafika amesimama. Mwakani nitaanza kuomba mapema.”